Batman alikuwa na baba wawili, mmoja akala jina

Wadau, leo nina hasira na mtu aliyefariki mwaka 1998. Najua kwa desturi zetu marehemu hasemwi vibaya, lakini huyu kaacha jiwe la kaburi kule Los Angeles linalosema kwamba Mungu ndiye aliyemjalia ndoto iliyomzaa Batman. Jina la mtu mwingine halimo. Sasa mtu akiendelea kudanganya hata akiwa chini ya udongo, mimi nifanyeje?

Jamaa anaitwa Bob Kane. Kuanzia 1939 mpaka 2015, popote pale ilipotajwa rasmi asili ya Batman, muumbaji alikuwa yeye peke yake. Wengi wetu tuliokua na zile filamu za kanda tuliliona jina hilo likipita kwenye kioo wala hatukujiuliza.

Aliyeachwa nje anaitwa Bill Finger. Alizaliwa Denver mwaka 1914, akakulia Bronx, New York. Mwaka 1938 alikuwa anauza viatu huku akitamani kuwa mwandishi. Mwaka huohuo Superman akatoka, akauza kama maandazi ya asubuhi, na wakubwa wa kampuni tunayoijua leo kama DC wakataka shujaa mwingine haraka. Kane, aliyekuwa mchoraji, akachora mtu mmoja mwenye nguo nyekundu, kijibarakoa kidogo cha macho na mabawa magumu mgongoni, akamwita Bat-Man. Kisha akamwita Finger atoe maoni.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Finger akasema toa hayo mabawa, mvike joho. Toa hicho kijibarakoa, mfunike kichwa kizima, mpe masikio ya popo, macho yabaki meupe matupu. Achana na nyekundu, mpe rangi za giza. Mvike glovu asiache alama za vidole. Halafu akakaa chini akaandika hadithi ya kwanza, ile iliyotoka katika Detective Comics namba 27, yenye tarehe ya Mei 1939. Jina la Bruce Wayne ni lake. Jina la Gotham alilikuta kwenye kitabu cha simu, lilikuwa la duka la vito. Mwaka 1948, pamoja na mchoraji Dick Sprang, akamleta Riddler. Aliendelea kumwandikia Batman mpaka katikati ya miaka ya 1960, na katikati ya hapo alishiriki kumuumba Green Lantern wa kwanza mwaka 1940.

Sasa nielezeni: ukiondoa vyote alivyoleta Finger, kinachobaki ni nini? Kinabaki neno "popo" na suruali nyekundu ya kubana. Na popo wa namna hiyo huku kwetu wala asingetisha mtu, waulizeni Wazanzibari walioshinda macho usiku kucha mwaka 1995 wakimhofia Popobawa.

Kuna jamaa zangu wawili ambao kila nikiwasimulia habari hii wananijibu kwa neno moja: mkataba. Kane alikuwa na mkataba na kampuni, Finger hakuwa nao. Finger alikuwa kibarua wa Kane, alilipwa chake, basi imekwisha. Angekuwa mjanja naye angesaini.

Jamani! Hebu tuitazame hoja hii vizuri, maana ndiyo hoja inayotumika kila mahali mtu anapotaka kula jasho la mwenzake kwa adabu.

Mwanzoni Finger alilipwa na Kane, kutoka mfukoni mwa Kane. Kampuni haikumjua kama mtu wa kukaa naye mezani. Kane ndiye aliyekwenda kuzungumza na wakubwa, akarudi na makubaliano kwamba jina litakuwa lake. Huyo mwingine hakuulizwa. Huu mkataba unaotajwa kila siku kama jibu haukuwa na saini yake! Mnamlaumuje mtu kwa karatasi ambayo hakuwekewa mbele? Na ilikuwa Marekani iliyokuwa inatoka kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, kijana anayeuza viatu anapewa nafasi ya kulipwa kwa kuandika. Mlitaka aseme "hapana, kwanza tuzungumzie jina langu"? Siegel na Shuster, waliomuumba Superman, wao walisaini, wakamuuza shujaa wao kwa dola 130. Kwa hiyo aliyesaini aliliwa na asiyesaini akaliwa. Mkataba ulimkinga nani basi, kama si mwenye kiwanda?

Na msinambie kampuni haikujua. Baadaye Finger aliandika moja kwa moja kwa wahariri, cheki zake zilitoka kwao. Mwaka 1965 alikaa kwenye meza ya wazungumzaji katika mkutano wa wapenzi wa katuni New York, na shabiki mmoja msomi, Jerry Bails, akaandika makala kueleza kazi aliyoifanya. Ukweli ulikuwa hadharani. Kane akafanya nini? Akaandika barua ya wazi kukanusha kwa ukali, kwamba yeye ndiye muumbaji pekee. Wakati huohuo, kurasa nyingi zilizosomwa kama kazi ya mkono wa Kane zilikuwa zinachorwa na Sheldon Moldoff, naye bila kutajwa!

Wanaomtetea Kane wana silaha nyingine: Finger alikuwa mzito, alichelewesha kazi, wahariri walimlalamikia. Ni kweli, alichelewa. Mimi nafanya kazi gazetini, nionyesheni mwandishi asiyewahi kufokewa saa mbili usiku. Kuchelewa kunakatwa mshahara, hakukatwi jina. Na jambo moja linanifanya nimpende zaidi Finger: alikiri mwenyewe kwamba mkasa wa ile hadithi ya kwanza aliuazima kutoka hadithi za The Shadow. Aliyeazima alisema. Aliyechukua kila kitu ndiye aliyenyamaza.

Nadhani mmeshajua kwa nini haya yananigusa. Niliwahi kufuatilia habari siku nne, nauli yangu, simu yangu, jua langu. Ikatoka ukurasa wa mbele na jina la mtu ambaye hakuinuka kwenye kiti chake. Gazeti silitaji, mhariri simtaji. Nilipouliza niliambiwa nimeshalipwa, nataka nini tena? Nilikuwa mwandishi wa kujitegemea, na kwa mwandishi wa kujitegemea jina ndiyo cheti chake cha kazi. Bila jina, wiki ijayo unabisha hodi mlango wa pili kama mtu aliyeanza jana.

Ndivyo alivyoishi Finger. Sifa rasmi pekee kwa kazi ya Batman aliyoipata akiwa hai ni ya mchezo wa televisheni wa 1966, sehemu mbili za Clock King alizoandika na rafiki yake Charles Sinclair. Mwishoni mwa miaka hiyo waandishi kadhaa wakongwe wa DC waliomba mambo ya kawaida tu, bima ya afya yakiwemo, na mmoja baada ya mwingine wakajikuta kazi zinapungua. Finger alikuwa miongoni mwao. Alifariki Januari 1974, ana miaka 59.

Kane aliandika kitabu cha maisha yake mwaka 1989. Humo ndimo alipokubali kwamba Finger hakutambuliwa alivyostahili, na kwamba anajuta. Mwaka 1989, wadau! Mwaka ambao filamu ya Batman ilikuwa inavuna mamilioni, na mwenye haki yake amelala miaka 15. Majuto hayo hayakubadilisha hata herufi moja kwenye mkataba.

Kilichobadilisha ni kelele za watu wengine. Mwandishi Marc Tyler Nobleman alichimba, akatoa kitabu mwaka 2012. Mjukuu wa Finger, Athena, akasimama kudai. Septemba 2015 DC ikatangaza, na tangu 2016 filamu zinasema Batman ameumbwa na Bob Kane "pamoja na" Bill Finger. Bronx wakampa hata mtaa mwaka 2017, pale karibu na bustani ya Poe walipokuwa wakikaa vijana hao wawili kupanga mikasa.

Watu walishangilia. Mimi lile "pamoja na" linanikera. Kwa nini si "na"? Aliyeleta sura, joho, jina na mji anakuwa kama mtu aliyebeba begi! Hata katika kurudisha, wameona warudishe nusu.

Sheria ya Marekani inalinda kazi za 1939 kwa miaka 95. Maana yake tarehe 1 Januari 2035 hadithi za kwanza za Batman zinakuwa mali ya umma, na kuzichapa upya hakutahitaji ruhusa ya kampuni wala kufuata mkataba wa Kane. Nikiwa hai nitazitafsiri kwa Kiswahili, na kwenye jalada Finger ataanza.