Madesa Yasiyojieleza

Serikali ilipofunga vyuo vikuu Machi 2020 kwa sababu ya korona, wanafunzi walirudi makwao na kukaa huko hadi tarehe 1 Juni. Tangu hapo mjadala wa kufundisha kutoka mbali nyakati za dharura umekuwa wa vifaa: kompyuta ngapi, intaneti ya kasi gani. Nimekuwa nikiwasikiliza wanafunzi hapa Moshi, na lalamiko lao la kwanza silo hilo. Wanalalamikia madesa.

Mhadhiri hutuma slaidi 40 kwenye kundi la WhatsApp la darasa, akaamini kwamba amefundisha. Lakini slaidi huandikwa ili isindikizwe na sauti. Mstari usemao "sababu tatu za kudhoofika kwa ushirika" una maana darasani, ambako mwalimu ataitaja KNCU ya mwaka 1933, atasimulia habari za kahawa ya Kibosho na Machame, kisha atajibu maswali. Ukiupeleka peke yake kwa kijana aliyeko kihambani kwao Rombo, umempelekea kichwa cha habari kisicho na habari.

Jibu jepesi la wakubwa ni video. Wanafunzi wengi hulipokea kwa shaka, na hesabu yao ni sahihi. Video ya saa moja yaweza kula mamia ya megabaiti. Kurasa 20 za maandishi matupu hazifiki hata megabaiti 1, na zikishachapwa steshenari husomeka hata umeme ukikatika wakati wa masika na simu ikaishiwa chaji. Wapo wanaoitaka video, hasa wa masomo ya vitendo, ingawa sidhani kama yupo atakayejua kupapasa tumbo la mgonjwa kwa kutazama tu.

Kinachonishangaza ni kwamba ujuzi huu tunao nyumbani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na kwa miaka mingi kimewafikia walimu na watumishi wa umma mikoani, Kilimanjaro ikiwamo, kwa vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya msomaji aliye peke yake: maelezo kamili, mifano, maswali ya kujipima. Kuandika somo namna hiyo ni kazi ya miezi. Haiwezi kufanyika katika wiki ambayo milango imefungwa, wala haitafanywa kwa hiari na mhadhiri anayejua kwamba kitakachompandisha cheo zaidi ni makala za majarida.

Kwa hiyo ninachowaomba wenzangu na Tume ya Vyuo Vikuu ni kidogo. Kila somo liwe na kijitabu chake cha kujisomea, na saa za kukiandika zihesabiwe katika mzigo wa kazi wa mhadhiri. Kabla hakijapitishwa, wapewe wanafunzi wachache wakisome bila msaada wa mtu na waweke alama wanapokwama. Wakikwama kwenye Kiingereza, iongezwe aya ya Kiswahili. Sioni ni nani atakayedhurika.