Bei ya mkeka iandikwe kwenye mkeka

Lugha ya kubeti haina ugumu. Kijana anayeanza leo, wiki haitaisha kabla hajajua kwamba 1 ni ushindi wa mwenyeji, X ni sare na 2 ni ushindi wa mgeni. Kwamba dabo chansi ya 1X inalipa mwenyeji akishinda au akitoka sare. Kwamba GG ni timu zote mbili kufunga. Na kwamba ova 2.5 inataka mabao matatu na kuendelea, ile nusu ikiwa imewekwa makusudi ili pasipatikane matokeo ya katikati. Dau, singo, mkeka na kashauti atafundishwa na redio, na kijiwe cha bodaboda, na kampuni yenyewe. Hata mitego midogo ataizoea. Atajua, kwa mfano, kwamba ubashiri wa kawaida wa mshindi huhesabu dakika 90 na zile chache za nyongeza tu, si nusu saa ya ziada wala penalti: aliyeipa Argentina ushindi katika fainali ya Kombe la Dunia ya 2022 aliona Messi akinyanyua kombe huku dau lake limeshaliwa, kwa kuwa dakika 90 ziliisha 2-2. Yote haya yanafundishwa, na kwa uchangamfu. Kinachorukwa ni namba moja tu, nayo ndiyo bei ya bidhaa anayouziwa. Ninachodai hapa ni kwamba bei hiyo iandikwe kwenye mkeka wenyewe, kwa shilingi, kabla mteja hajabonyeza kuthibitisha.

Namba hiyo imejificha ndani ya odi. Mchezaji anayeanza huambiwa kwamba odi ni kiasi ambacho dau lake litazidishwa akishinda, na ni kweli, ila hiyo ni nusu ya maelezo. Odi ni makadirio ya uwezekano yaliyogeuzwa kuwa bei. Ukitaka kuyaona makadirio hayo, gawanya 100 kwa odi. Tuseme mechi imewekwa hivi: mwenyeji 1.90, sare 3.30, mgeni 4.00. Mia kwa 1.90 ni 52.63, mia kwa 3.30 ni 30.30, mia kwa 4.00 ni 25. Mechi haina tokeo la nne, hivyo kwa haki jumla ingekuwa 100. Jumlisha uone: ni 107.93. Hizo karibu nane zilizozidi ndizo makato ya kampuni. Anayeona asilimia ni maneno ya darasani achukue fedha taslimu. Aweke shilingi 52,630 kwa mwenyeji, 30,300 kwa sare na 25,000 kwa mgeni. Mechi iishe iishavyo, atalipwa kama shilingi 100,000. Lakini ametoa 107,930. Hakukosea kubashiri, maana alibashiri kila kitu, na bado ameacha dukani shilingi 7,930. Kiasi hicho hakionekani kwenye tiketi, hakitumwi kwa ujumbe mfupi, na kodi ya ushindi bado haijaguswa.

Kwenye mechi moja, makato ya namna hii yanavumilika. Tabu ni kwamba wabetiji wetu wengi hawachezi singo. Wanatandika mkeka, yaani mechi kadhaa kwenye tiketi moja, kwa sababu shilingi mia tano kwenye mechi moja ya odi ya 1.50 haina msisimko wowote. Kwenye mkeka odi huzidishwa zenyewe kwa zenyewe, na kila mtu anafurahia kuziona zikipanda. Kisichosemwa ni kwamba na makato nayo yanazidishwa. Tukichukua soko kama lile la juu, ambalo kwa wastani hurudisha kama shilingi 927 katika kila 1,000, mkeka wa mechi tano hurudisha 683 hivi, na wa mechi kumi 466. Yaani kwenye mkeka wa timu kumi, zaidi ya nusu ya dau ni gharama ya kushiriki. Sijui bidhaa nyingine halali inayouzwa kwa simu kwa gharama ya kiwango hicho bila mnunuzi kuambiwa. Chukua mkeka wenyewe: timu kumi zinazoaminika, kila moja odi 1.50. Odi ya jumla ni 57.67, na buku moja inaahidi zaidi ya 57,000. Ukiondoa makato kwenye odi hizo, tukichukulia kwamba yamegawanywa sawasawa, kila timu ina nafasi ya kama asilimia 62 ya kushinda. Zote kumi kwa pamoja zina nafasi ya mara moja katika mara 124. Kwa hiyo buku lilistahili kuahidiwa 124,000. Limeahidiwa chini ya nusu yake.

Hesabu hiyohiyo inafafanua kilio kinachosikika kila Jumapili jioni, cha mkeka kuchanwa na mechi moja. Kwa timu hizo kumi, kupatia tisa na kukosa moja hutokea kama mara sita kwa kila mara moja ya kupatia zote. Haina uhusiano na mkosi, wala na refa. Ndivyo bidhaa ilivyotengenezwa. Mchezaji anayesoma tisa kati ya kumi kama dalili kwamba amekaribia ataongeza dau wiki ijayo, wakati alichokiona ni tokeo la kawaida kabisa la mkeka usiolipa. Na kampuni zinajua thamani ya mazoea hayo, ndiyo maana nyingi hutoa bonasi inayokua kadiri unavyoongeza mechi. Hakuna mfanyabiashara anayemzawadia mteja kwa kununua bidhaa inayompa hasara yeye muuzaji.

Istilahi nyingine zipimwe kwa kipimo hicho hicho. Kashauti ni kampuni kununua tena mkeka wako kabla mechi hazijaisha, kwa bei iliyopangwa na kampuni, kwa hiyo unaweza kukatwa ulipoingia na kukatwa tena unapotoka. Bonasi ya kujiunga huwa na sharti la kuizungusha mara kadhaa, kwa odi zisizopungua kiwango fulani, na kila mzunguko una makato yake. Jakipoti ya mechi 17, kama zile kubwa zilizotikisa Kenya, ina michanganyiko 129,140,163, na ujuzi wa soka hupunguza mlima huo bila kuufanya kichuguu.

Watasema watu wazima wanajua kwamba kubeti kuna kupata na kukosa, na kwamba onyo la kucheza kistaarabu lipo kwenye kila tangazo, pamoja na lile la miaka 18. Ni kweli, lakini kujua kwamba unaweza kukosa si kujua umetozwa kiasi gani. Abiria wa daladala anajua gari linaweza kuharibika njiani. Bado nauli hubandikwa. Tunajua pia kinachotokea makato yanapoonekana. Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilipoanza nchini Tanzania, ikiwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa, nchi nzima iliongea, na Serikali ikalazimika kuipunguza. Watu hawakuwa na digrii ya uchumi. Waliona tarakimu kwenye skrini. Kenya, mwaka 2016, Mamlaka ya Ushindani iliagiza kampuni za fedha za simu zimwonyeshe mteja gharama kabla hajakamilisha muamala. Simu ndiyo hiyo hiyo na kidole ndicho hicho hicho kinachothibitisha mkeka. Hata ndani ya kamari yenyewe jambo hili si geni: Uingereza, mashine za kamari hutakiwa kumwonyesha mchezaji sehemu ya fedha inayorudishwa kwa wachezaji. Kama mashine ya matunda na kengele inaweza kusema ukweli wake, mkeka wa Ligi Kuu unashindwa nini?

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wachezaji wenyewe. Wanasema mpira si mashine: anayeifahamu ligi, anayejua kipa ameumia na kocha amegombana na nahodha, ana kitu ambacho hesabu ya wastani haikioni. Siwezi kulikataa moja kwa moja, maana wapo duniani wanaoishi kwa kubashiri. Ila odi haisubiri habari kijiweni. Hushuka na kupanda kwa taarifa na kwa fedha zinazowekwa, na habari ya kipa ikishakufikia wewe, kuna uwezekano mkubwa imeshaingia kwenye bei. Ili upate faida haitoshi kuijua mechi kuliko jirani yako. Yakupasa uijue kuliko bei ya soko, tena kwa tofauti inayozidi makato. Kwenye soko letu la mfano hiyo ni karibu asilimia nane kila mechi, wiki baada ya wiki. Wachache wanaoweza hukutana na ukuta mwingine: barani Ulaya malalamiko ya siku nyingi ya wabashiri hodari ni kwamba kampuni huwapunguzia kiwango cha dau. Na mchezaji anayeamini ana uwezo huo ndiye wa kwanza kuhitaji namba ninayoidai, kwani bila kuijua hana namna ya kupima kama uwezo wake unatosha.

Kuna wanaoipinga hoja hii kutoka upande wa pili. Kwao kamari ni haramu, na kufafanua maneno yake, hata kwa nia njema, ni kumshika mtu mkono hadi dukani. Hoja ya imani naiheshimu na sina haja ya kuipunguza. Lakini kijana tunayemhofia ameshafika dukani, na aliyempeleka ni jezi. Julai 2017 Everton ilitua Dar es Salaam na kuifunga Gor Mahia 2-1 Uwanja wa Taifa, Wayne Rooney akifunga, na kifuani mwake lilikuwamo jina la kampuni ya kubeti iliyozaliwa Kenya. Simba na Yanga zote zimewahi kuvaa majina ya namna hiyo. Mafundisho yameshatolewa, na mwalimu alikuwa muuzaji. Ukimya wa wasiouza unamwachia muuzaji ubao peke yake.

Hapo ndipo klabu na Hazina husimama na kusema: wadhamini hawa wanalipa mishahara, wanalipa kodi. Wanalipa, ndiyo, na sijaomba wafukuzwe. Klabu za Ligi Kuu ya England zenyewe, zenye wadhamini wengi kuliko zetu, ziliafikiana Aprili 2023 kuondoa kampuni za kubeti kifuani mwa jezi za mechi baada ya msimu wa 2025/26. Ninachopendekeza ni kidogo kuliko hicho. Kampuni iendelee kuuza mkeka wa mechi kumi, iendelee na bonasi zake, ila chini ya odi ya jumla pawe na mstari unaosema: katika kila shilingi 1,000 zinazowekwa kwenye mikeka kama huu, wachezaji hurudishiwa kwa wastani shilingi kadhaa. Biashara ikiyumba kwa sababu ya mstari mmoja wa kweli, basi kodi tuliyokuwa tukiisifia ilitokana na mteja kutojua.

Kitaalamu hakuna kizuizi. Mfumo unaozidisha odi za mechi kumi kwa sekunde moja unaweza kuzidisha na makato, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inaweza kuikagua kampuni kwa kugawanya 100 kwa odi zilezile zilizotangazwa. Mstari huo hautamsaidia aliyekwisha kuzama, anayeweka ada ya mtoto ili arudishe kodi ya nyumba; huyo anahitaji msaada wa aina nyingine, na ni udanganyifu kumpa tarakimu badala yake. Unamlenga anayeanza, aliye na buku moja na timu kumi kichwani. Kwake, tofauti kati ya 927 ya singo na 466 ya mkeka ni habari anayoweza kuitumia leo, hata kama ataitumia kubeti kidogo badala ya kuacha. Wala si lazima kuisubiri Bodi. Magazeti yanayochapisha ratiba na odi za Jumamosi, na yanayopokea fedha za matangazo hayo, yanaweza kuongeza safu moja kwenye jedwali, baada ya 1, X na 2: jumla ya zile mia zilizogawanywa. Nafasi inayohitajika ni ya tarakimu tatu.