Kinga ya mahujaji yafaa kuanzia Ganze, si katika uwanja wa ndege

KILA msimu wa Hija unapokaribia, mazungumzo Pwani hutawaliwa na nauli, pasipoti na viza. Chanjo hukumbukwa siku za lala salama, kana kwamba ni mhuri mwingine tu wa kumridhisha afisa wa uhamiaji. Kwa eneo kama Ganze, Kaunti ya Kilifi, mtazamo huo ni wa hatari.

Historia ina ushahidi wa kutosha. Mnamo 1865 kipindupindu kilizuka Makka, na inakadiriwa kuwa mahujaji 15,000 kati ya 90,000 walifariki. Waliorejea makwao waliusambaza ugonjwa huo hadi Misri na Ulaya, na mwaka uliofuata mataifa yakakutana Istanbul kutafuta njia ya kuudhibiti. Afrika Mashariki nayo haikunusurika, kwani mnamo 1869 wimbi hilo lilifika Zanzibar.

Karne moja baadaye ikawa zamu ya homa ya uti wa mgongo. Bakteria waliosababisha mlipuko wa 1987 miongoni mwa mahujaji walikuwa wa ukoo mmoja na wale waliobainika Nairobi katika mlipuko wa 1989. Baada ya aina nyingine, W135, kuzuka mwaka wa 2000 na 2001, Saudi Arabia iliwalazimu mahujaji kupata chanjo ya aina nne, yaani A, C, W na Y, kuanzia 2002.

Hata hivyo, sheria pekee haitoshi. Mnamo 2024, visa 12 vya ugonjwa huo viliripotiwa Marekani, Ufaransa na Uingereza, vyote vikihusishwa na safari za Umra. Kati ya wagonjwa tisa ambao rekodi zao za chanjo zilijulikana, hakuna hata mmoja aliyekuwa amechanjwa.

Ikumbukwe kwamba bakteria hao huweza kukaa kooni bila dalili yoyote. Msafiri hurejea akiwa mzima wa afya, akamwambukiza mjukuu aliyekimbia kumlaki. Chanjo nayo hutakiwa kutolewa angalau siku 10 kabla ya kuwasili Saudi Arabia. Anayedungwa sindano mkesha wa safari huondoka na karatasi, si kinga.

Ganze ina udhaifu wake. Katika sehemu kame kama Bamba, wakazi wengi hutegemea mabwawa ya maji ya mvua ambayo pia hunywesha mifugo. Pasipo vyoo, mgonjwa mmoja wa kipindupindu na mvua moja kubwa vyatosha kuchafua bwawa linalotegemewa na kijiji kizima.

Zaidi ya hayo, si kila mkusanyiko huhitaji viza. Maulidi ya Lamu na ya Mambrui huvutia waumini wengi, nao Wakatoliki na Waanglikana husafiri hadi Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi kila Juni 3. Huko hakuna sharti la chanjo kama lile la Makka. Mlipuko wa kipindupindu ulioikumba Kenya kuanzia Oktoba 2022 ulihusishwa na sherehe ya harusi Kiambu. Maji na chakula vikichafuka, kiini hakibagui sherehe wala dini.

Ni kweli kwamba ibada zaweza kusitishwa, kama ilivyokuwa 2020 wakati Hija ilipopunguzwa hadi watu wapatao 1,000 kutokana na Covid-19. Lakini hilo ni suluhisho la mwisho, tena lenye uchungu kwa waumini.

Njia nafuu ipo. Huduma za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013, na wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000 walipewa vifaa na serikali mnamo 2023. Hao ndio wanaojua ni nani anasafiri na nani amerejea. Waorodheshe wasafiri mapema, wahimize chanjo kwa wakati, kisha wawatembelee katika siku 10 za kwanza baada ya safari. Maimamu na mapadri nao watangaze ratiba hiyo mimbarini, na waandalizi wa hafla wasiruhusiwe kukusanya umati bila maji yaliyotiwa dawa na vyoo vya kutosha.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ganze, ambako hata maji ya kukandia udongo wa ukuta huo hufuatwa mbali, haina uwezo wa kusubiri hadi huko.