Mashudu yanaweza kuchukua nafasi ya dagaa kwenye chakula cha samaki?

Mwaka 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi mjini Mwanza boti na vizimba vya kufugia samaki kwa mikopo nafuu. Lakini awe na kizimba ziwani au bwawa dogo huku kwetu Isaka, mfugaji anabanwa na jambo lilelile: chakula, ambacho mara nyingi hula zaidi ya nusu ya gharama zake.

Sehemu ghali ya chakula hicho ni protini, na iliyozoeleka ni dagaa wa Ziwa Victoria. Dagaa haohao ni kitoweo chetu, na chakula cha kuku nacho kinawahitaji. Gunia linaloingia bwawani halifiki mezani.

Huku ni ukanda wa pamba, na Singida inakolimwa alizeti haiko mbali. Kwa nini basi tusiwape samaki mashudu? Tunaweza, ila si kwa kubadilisha kilo kwa kilo.

Protini hujengwa na asidi amino. Kumi kati ya hizo samaki hawezi kujitengenezea, lazima azipate kwenye chakula. Moja ikipungua, nyingine hazimkuzi, kama fundi mwenye mabati mia na misumari kumi. Zinazozidi mwili huzivunja na kutoa amonia, inayochafua maji. Mfugaji anapoteza fedha mara mbili.

Dagaa safi, wasio na mchanga, wana zote kumi. Mashudu ya alizeti na ya pamba yana upungufu wa asidi amino iitwayo lisini. Ya pamba yana pia gosipoli, sumu inayodumaza samaki ikizidi. Soya ina lisini ya kutosha lakini methionini kidogo, ambayo alizeti inayo. Kwa hiyo soya na alizeti hukamilishana. Soya lazima ipikwe au ikaangwe, kwani mbichi huzuia protini kusagwa tumboni.

Tatizo ni kwamba soya hulimwa zaidi mikoa ya kusini kama Ruvuma, na usafiri unaipandisha bei. Njia nyingine ni lisini ya kiwandani, inayotumika tayari kwenye chakula cha kuku.

Kwa sasa, tuwaachie vifaranga sehemu kubwa ya dagaa, maana ndio wanaohitaji protini nyingi. Sato wakubwa wapewe mchanganyiko wenye dagaa wachache. Na muuzaji akikwambia chakula chake kina protini asilimia 30, muulize: imetoka kwenye nini?