UCHAMBUZI: Ubao wa 'sufuri' langoni si ithibati ya usalama kazini

MSAFIRI anayetoka Webuye kuelekea Kitale kupitia Misikhu na Kamukuywa huyaacha nyuma mashamba ya miwa na kuingia katika nchi ya mahindi. Njiani hukutana na watu wakiwa kazini: wakata miwa na mapanga yao, vijana walioketi juu ya shehena ya trela, na vibarua wanaopukuchua mahindi kwa mashine iliyofungwa nyuma ya trekta.

Wengi wao wanaunganishwa na jambo moja. Wakiumia, aghalabu jeraha lao haliandikwi popote.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa tatizo. Kwa miaka mingi mashirika yamepima usalama kwa kuhesabu majeruhi. Idadi ikipungua, wakuu hupongezana. Ikifika sufuri, ubao hutundikwa langoni kutangaza siku zilizopita bila ajali. Ni nadra mtu kuuliza iwapo ajali zimepungua kwelikweli, au kilichopungua ni taarifa zake.

Kibarua anayelipwa kwa siku, na asiye na hakika kwamba ataitwa kesho, ana kila sababu ya kufunga kitambaa kwenye kidole kilichokatwa na kuendelea na kazi. Msimamizi aliyeahidiwa marupurupu iwapo mwezi utaisha bila ajali naye ana kila sababu ya kutomwona.

Sufuri peke yake haielezi chochote. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper mjini Webuye kilipofungwa mwaka wa 2009, mitambo iliyozimwa haikuwa na wa kumkata. Hakuna mkazi wa mji huo aliyeuita huo usalama.

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo huo ulisikika Aprili 20, 2010, katika Ghuba ya Mexico, mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulipolipuka na kuua wafanyakazi 11. Siku hiyohiyo wakuu wa kampuni husika walikuwa mtamboni, na miongoni mwa yaliyowapeleka ni kusherehekea miaka 7 bila jeraha la kumfanya mfanyakazi akose kufika kazini.

Miaka 5 kabla ya hapo, mlipuko katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP mjini Texas City, Marekani, uliua watu 15. Jopo lililochunguza kampuni hiyo lilibaini kwamba kupungua kwa majeraha ya mtu mmoja mmoja kuliwapotosha wakuu, wakadhani mitambo yenyewe ilikuwa salama.

Funzo hilo linahusu Bungoma moja kwa moja. Kiwanda cha sukari kina boila zenye mvuke wa shinikizo kubwa, vinu vya kukamua miwa na milima ya makapi. Kidole kilichokatwa na boila inayoweza kupasuka ni hatari za aina mbili tofauti. Shirika linaweza kuimaliza ya kwanza bila kuigusa ya pili.

Zaidi ya hayo, yapo madhara yasiyotoa damu. Vumbi la makapi ya miwa yaliyoota ukungu huharibu mapafu polepole. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria mwaka wa 2023 kwamba watu milioni 2.93 hufa kila mwaka kwa sababu zinazotokana na kazi. Kati yao, milioni 2.6 huuawa na maradhi, ilhali ajali huua 330,000. Kwa maneno mengine, anayehesabu ajali pekee huacha nje karibu vifo 9 katika kila 10.

Kitale, kitovu cha mbegu za mahindi nchini, inaelewa maana ya hesabu hiyo. Mbegu hutiwa dawa kabla ya kufungwa mifukoni, na maghala ya nafaka hufukizwa kwa gesi ya sumu ili kuua wadudu. Kibarua wa msimu akianza kukohoa miezi sita baada ya kazi kwisha, hukohoa akiwa nyumbani, na ubao wa langoni hauna safu yake.

Naye mkulima wa tumbaku wa Malakisi, ambaye ngozi yake hunyonya nikotini kutoka kwa majani mabichi yenye umande hadi akapata kizunguzungu na kutapika, hana hata lango. Yeye ni mkulima wa mkataba, si mwajiriwa.

Sheria haina lawama kubwa katika hili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, iwe kwa muda au kwa kudumu. Inataka ukaguzi wa kina angalau mara moja kila miezi 12, na kamati ya usalama panapokuwa na wafanyakazi 20 au zaidi. Mfanyakazi akiripoti hatari kubwa, mwajiri haruhusiwi kumrudisha hapo kabla ya kuirekebisha.

Lakini karakana ya jua kali yenye wachomeleaji watatu haifikii idadi ya kuwa na kamati. Katika mashirika makubwa nako, ukaguzi wa mwaka ukigeuzwa kuwa karatasi ya kuonyesha ofisa wa Serikali, hubaki kabatini.

Waajiri wana hoja yao. Wanasema jeraha ni kitu kinachoonekana na kuhesabika, na kwamba mengine ni maoni tu. Hoja hiyo ina uzito, na majeraha hayana budi kuendelea kuhesabiwa, hasa kwa kuwa fidia ya kifo chini ya sheria ya mwaka wa 2007 ni mapato ya miezi 96. Familia haiwezi kudai kisichoandikwa.

Hata hivyo, yapo mengine yanayohesabika. Ni hatari ngapi zilizoripotiwa mwezi huu, na zilichukua siku ngapi kurekebishwa? Ni vibarua wangapi walioonyeshwa namna ya kuzima mashine kabla ya kuikaribia? Je, kinga ya mkanda ilikuwa mahali pake siku ambayo hakuna mgeni aliyetarajiwa? Ni wangapi waliopimwa masikio na mapafu?

Shirika litakaloanza kuuliza hivyo litaona taarifa zikiongezeka mwaka wa kwanza. Hiyo si aibu. Ni dalili kwamba watu wameanza kusema, na mkuu atakayewaadhibu kwa hilo atakirudisha kimya.

Wakati ni huu. Kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanza uzalishaji mwaka wa 1978, kilikodishwa mwaka wa 2025 kwa kampuni ya kibinafsi ya West Kenya kwa miaka 30. Wakulima, wafanyakazi na Serikali watahesabu tani za miwa na malimbikizo ya madeni. Kibarua aliyeripoti mkanda uliolegea naye ahesabiwe, na kesho asubuhi jina lake lisikosekane kwenye orodha ya wanaoitwa kazini.