AFYA YETU: Jasho Linatuambia Nini?

Mwezi wa Novemba jua la Ruponda ni kali. Mvua za masika bado. Korosho zinaanguka, na watu wako shambani tangu asubuhi. Wanainama, wanaokota, wanatenga korosho na mabibo. Migongo yao imelowa jasho. Wazee husema: mchumia juani, hulia kivulini. Ni kweli. Lakini lazima afike hapo kivulini akiwa mzima.

Jasho ni nini?

Jasho ni maji na chumvi kidogo. Linatoka katika vitundu vidogo sana vya ngozi. Vitundu hivyo ni zaidi ya milioni 2.

Tazama mtungi wa udongo. Maji hupenya kidogo kidogo mpaka nje. Upepo ukiyakausha, yanaondoka na joto. Ndiyo maana maji ya mtungini ni baridi. Mwili wako ni kama mtungi huo. Jasho likikauka juu ya ngozi, mwili unapoa. Kwa hiyo mwili hubaki na joto lake la kawaida, yaani karibu nyuzi 37.

Mambo matatu yanayoleta jasho

Jambo la kwanza ni kazi. Mtu anayelima au kutwanga mahindi hutumia nguvu, na nguvu hizo huleta joto mwilini. Hata asubuhi ya baridi mwezi wa Julai atatoka jasho.

Jambo la pili ni jua na hewa ya joto. Hapo utatoka jasho hata ukiwa umekaa tu.

Jambo la tatu ni moyo kushtuka, kwa hofu au kwa furaha. Mpiga ngoma wa unyago hutoka jasho la kazi na la furaha pamoja. Je, unakumbuka siku ya kwanza uliposimama kusoma mbele ya wenzako katika darasa la kisomo? Viganja vililowa, ingawa hukushika jembe. Wengi walilowa hivyo mwaka 1975, nchi yetu ilipofanya mtihani wa kusoma na kuandika kwa watu wazima. Jasho hilo si ugonjwa wala si aibu. Moyo ukitulia, nalo hukauka.

Hatari iko wapi?

Mtu anayefanya kazi ngumu juani anaweza kupoteza lita 1 ya maji kwa saa 1. Asipoyarudisha, damu yake hupungukiwa maji. Kichwa kinauma, macho yanaona kizunguzungu, misuli inakaza. Mkojo unakuwa kidogo na wa rangi nzito kama chai ya rangi. Mwili unaomba maji.

Akiendelea na kazi, anaweza kuzidiwa na joto. Anatapika, anasema maneno yasiyoeleweka, au anaanguka. Mwili unawaka moto. Wakati mwingine jasho hukoma na ngozi inakuwa kavu. Msiseme amepagawa. Huyu anaweza kufa. Mpelekeni kivulini upesi. Mpunguzieni nguo, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni. Kama hana fahamu, msimnyweshe kitu. Mkimbizeni zahanati huku mkiendelea kumpoza.

Tufanye nini?

1. Tuanze kazi alfajiri. Jua la saa 6 mpaka saa 9 mchana tupumzike chini ya mti.

2. Kila mtu aende shambani na maji safi yaliyochemshwa. Anywe kidogo kidogo, asingoje kiu. Uji na chakula chenye chumvi hurudisha chumvi iliyopotea.

3. Uraka si maji. Pombe hukojolesha, nayo humwondolea mtu maji aliyobaki nayo.

4. Mama mjamzito, mzee na mtoto mdogo huzidiwa mapema. Mama aliyebeba mtoto mgongoni amshushe kivulini na kumnyonyesha mara kwa mara.

5. Wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, tuvae nguo ndefu na kufunika pua na mdomo. Vumbi la salfa hunata kwenye ngozi yenye jasho na kuiwasha. Usifute macho kwa mkono wenye salfa. Kazi ikiisha, oga kwa sabuni na ufue nguo.

6. Mtu akitoka jasho jingi usiku huku ana homa, hilo si jasho la kazi. Huenda ni malaria. Kama anakohoa wiki 2 au zaidi, huenda ni kifua kikuu. Aende zahanati akapimwe.

Ndugu msomaji, mkulima huishi kwa jasho lake. Korosho inapimwa kwa mizani, lakini jasho halipimwi, na wengi hulisahau. Jirani yako akinyamaza ghafla shambani, mwite. Asipoitika vizuri, acha kikapu chako umwendee. Korosho itangoja.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini maji ya mtungini ni baridi?
2. Katika kijiji chenu, nani hufanya kazi juani mchana kutwa, na nani humpelekea maji?
3. Mtu akizidiwa na joto shambani, mtafanya nini kwanza?