UCHAMBUZI: Mzigo wa mmishonari Ufilipino hubebwa na nyumba nzima

ALFAJIRI ya Mei 27, 2001, watu wenye silaha walifika kwa mashua katika hoteli ya kitalii ya Dos Palmas, mkoani Palawan nchini Ufilipino. Waliwatoa wageni na wafanyakazi vyumbani mwao na kutoweka nao baharini. Jumla ya watu 20 walitekwa nyara.

Miongoni mwao walikuwa Bw Martin Burnham na mkewe Gracia, raia wa Marekani waliokuwa wakihudumu nchini humo chini ya shirika la New Tribes Mission tangu 1986. Walikuwa wamefika hotelini hapo kuadhimisha miaka 18 ya ndoa yao. Watoto wao watatu, ambao hakuna aliyekuwa ametimiza umri wa miaka 15, hawakuwa pamoja nao usiku huo.

Baada ya siku 376, Juni 7, 2002, wanajeshi wa Ufilipino waliivamia kambi ya watekaji hao wa kundi la Abu Sayyaf katika rasi ya Zamboanga, kisiwani Mindanao. Katika ufyatulianaji wa risasi, Bw Burnham aliuawa, mkewe akajeruhiwa pajani, na mateka wa tatu, muuguzi Mfilipino Ediborah Yap, akapoteza maisha.

Kisa hicho kimezoeleka kusimuliwa kama sura moja ya vita dhidi ya ugaidi. Hata hivyo, ndani yake mna suala la zamani zaidi kuliko Abu Sayyaf: mtu anapoitikia wito wa kwenda kuhubiri na kuhudumu ugenini, ni nani hasa hulipa gharama ya wito huo?

Huenda msomaji akashangaa kwamba Ufilipino inapokea wamishonari wa Kikristo hata kidogo. Hii ni nchi iliyopokea Ukristo kutoka kwa Wahispania katika karne ya 16, na sensa ya 2020 ilionyesha kuwa takriban asilimia 79 ya watu wake, ambao ni zaidi ya milioni 109, ni Wakatoliki. Waislamu walikuwa zaidi kidogo ya asilimia 6, wengi wao wakiishi Mindanao na visiwa vya Sulu, ambako dini yao ilitangulia kufika kabla ya meli za Wahispania.

Wamishonari wa Kiprotestanti walianza kuingia baada ya Marekani kuitwaa nchi hiyo kutoka kwa Uhispania mwaka wa 1898. Wengi wa waliowafuata baadaye hawakulenga miji yenye makanisa makuu ya mawe, bali jamii za milimani na za visiwa vya mbali, ambako barabara hazikufika, hospitali ilikuwa safari ya siku kadhaa, na lugha ya wenyeji haikuwa imeandikwa.

Huko ndiko familia ilikogeuka kuwa chombo cha kazi. Mwanamume mgeni anayeingia peke yake katika kijiji cha milimani hutazamwa kwa shaka. Akija na mke na watoto, hueleweka: huyu naye ana nyumba, ana wa kulisha, ana wa kumlilia. Mke huongea na wanawake kisimani, watoto hucheza na watoto wenzao na kuinasa lugha kabla ya wazazi wao, na mlango hubaki wazi kwa anayekuja usiku akiwa na mtoto mwenye homa.

Kwa maneno mengine, nyumba ya mmishonari si mahali pa kupumzika baada ya kazi. Nyumba yenyewe ndiyo kazi.

Matunda ya mtindo huo yanaonekana hadi leo. Agosti 28, 1901, Bw David Hibbard na mkewe Laura, wamishonari wa Kipresbiteri, walifungua shule katika mji wa Dumaguete wakiwa na wavulana 15. Shule hiyo sasa ni Chuo Kikuu cha Silliman, mojawapo ya vyuo vinavyoheshimika nchini humo, na uongozi wake umo mikononi mwa Wafilipino wenyewe.

Kazi ya familia ya Burnham ilikuwa ya aina hiyo hiyo, ingawa haikuwa na majengo ya kuonyesha. Bw Burnham, ambaye wazazi wake pia walikuwa wamishonari Ufilipino, alikuwa rubani wa ndege ndogo. Alipeleka vyakula, dawa na barua kwa vituo vya msituni, na kuwarudisha wagonjwa hadi walikoweza kutibiwa. Mkewe alisimamia mawasiliano ya redio, akifuatilia ndege ilipo na kupokea haja za waliokuwa vituoni. Watoto wao walizaliwa na kulelewa katika mazingira hayo.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa mgonjwa aliyepelekwa hospitalini kwa ndege, methali hiyo ilikuwa kweli tupu.

Lakini chombo kinachofanya kazi kwa sababu mlango wake uko wazi hakiwezi kuichagua hatari inayoingia. Kwa kawaida askari huenda vitani akiiacha familia yake nyuma, na mwanabalozi huishi ndani ya ua lenye walinzi. Familia ya mmishonari haina kimojawapo kati ya hivyo, kwa kuwa ikijizungushia ukuta hupoteza kile kilichoileta.

Wa kwanza kulipa ni watoto. Hata pasipokuwa na bunduki, maisha yao hugawanyika kati ya kijiji cha wazazi na shule ya mbali. Shule ya Faith Academy, iliyo nje kidogo ya jiji la Manila, ilianzishwa katika miaka ya 1950 mahsusi kwa ajili ya watoto wa wamishonari, na kwa vizazi kadhaa imekuwa nyumba ya pili ya wale ambao wazazi wao walikuwa visiwani. Mtoto hujifunza mapema kuaga.

Kwa watoto wa Burnham, kuaga huko kulikuja ghafla mno. Wazazi walipotekwa, walihamishiwa Marekani kwa babu na nyanya yao katika jimbo la Kansas, nchi waliyoijua zaidi kama mahali pa likizo. Walikaa mwaka mzima wakisubiri habari. Mama alirudi akiwa na jeraha. Baba alirudi ndani ya jeneza. Wito ulikuwa wa wazazi, lakini hakuna aliyewauliza watoto kama wangeitikia.

Wa pili kulipa ni wenyeji, na hapa ndipo kumbukumbu za dunia huwa fupi. Ediborah Yap hakuwa mtalii wala mgeni. Alikuwa muuguzi kazini katika hospitali ya mji wa Lamitan, kisiwani Basilan, wakati Abu Sayyaf walipoingia humo mapema Juni 2001 wakiwa na mateka wa Dos Palmas. Walipofaulu kulipenya zingio la wanajeshi, waliondoka na baadhi ya wahudumu wa hospitali hiyo.

Bi Yap alikuwa mama wa watoto wanne. Alishikiliwa msituni kwa zaidi ya mwaka mmoja na kufa siku ile ile na Bw Burnham. Ilhali jina la rubani huyo lilitangazwa na vyombo vya habari kote duniani, la muuguzi huyo kwa kawaida lilitajwa mwishoni mwa taarifa, kama lilitajwa.

Wala hakuwa wa kwanza. Machi 2000, katika kisiwa hicho hicho cha Basilan, Abu Sayyaf waliwateka walimu na wanafunzi pamoja na kasisi Mfilipino wa shirika la Waklareti, Padre Rhoel Gallardo. Kasisi huyo aliuawa mwanzoni mwa Mei mwaka huo. Yeye hakuwa na pasipoti ya taifa kubwa ya kuwafanya marais wazungumzie hatima yake.

Tofauti hiyo ilidhihirika mapema mwaka wa 2002, Marekani ilipopeleka Ufilipino zaidi ya wanajeshi 600 kuwashauri na kuwapa mafunzo wanajeshi wa nchi hiyo dhidi ya Abu Sayyaf. Mashambulizi ya Septemba 11, 2001, yalikuwa sababu kuu, lakini mateka wawili wa Kimarekani walikuwa sehemu ya hoja. Kuanzia hapo uhai wa watu watatu ulikuwa umefungamanishwa na hesabu za mataifa.

Suala la kikombozi nalo lilifichua mgongano mwingine. Mashirika mengi ya kimishonari yana sera ya kutolipa, kwa hoja kwamba fedha zinazomkomboa mmoja leo hununua silaha za kuwatekea kumi kesho. Hoja hiyo ni nzito. Hata hivyo, aliye na mzazi msituni hawezi kuisikia kwa sikio la mwanasheria. Fedha zilizotolewa mwaka wa 2002 kwa ajili ya wanandoa hao hazikuwaletea uhuru. Watekaji walizipokea na kudai zaidi.

Hivyo basi, kanuni ilivunjwa na mateka hawakuachiliwa. Huo ni ushahidi kuwa maamuzi ya aina hii hayapaswi kusubiri hadi siku ya msiba, wakati kila mmoja ana uchungu na hakuna mwenye utulivu.

Wapo watakaosema kuwa hatari ni sehemu ya kazi hiyo na imekuwa hivyo daima. Ni kweli. Desemba 20, 1943, wakati wa uvamizi wa Japani, wamishonari 11 wa Kibaptisti kutoka Marekani waliuawa na wanajeshi wa Japani katika milima ya kisiwa cha Panay, mahali walipopaita Hopevale. Wamarekani wengine waliuawa pamoja nao, na miongoni mwa waliokufa alikuwa mtoto. Kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu, waliishi mafichoni kwa sababu wanakijiji waliwapelekea chakula, wakijua adhabu ya kufanya hivyo.

Kati ya waliouawa walikuwa James na Charma Covell, waliokuwa wamehudumu Japani kabla ya kuhamia Ufilipino. Binti yao Margaret, aliyekuwa Marekani, alichagua kuwahudumia wafungwa wa kivita wa Kijapani waliokuwa wakitibiwa huko. Habari za ukarimu wake zilimfikia Mitsuo Fuchida, rubani aliyeongoza mashambulizi ya Pearl Harbor mwaka wa 1941, na zilimshangaza. Baadaye Fuchida mwenyewe akawa mhubiri wa Kikristo.

Bi Burnham naye amefuata njia inayofanana na hiyo. Alichapisha kumbukumbu zake mwaka wa 2003, akarudi Ufilipino mwaka wa 2004 kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya watekaji wake, na amekuwa akizungumza hadharani kuhusu msamaha. Hakuona kwamba kusamehe kunafuta haja ya haki kutendeka. Mwishoni mwa 2007 mahakama iliwahukumu wanachama 14 wa kundi hilo kifungo cha maisha kwa utekaji wa Dos Palmas.

Ushujaa wa namna hiyo unastahili heshima. Lakini kuna hatari ya kuutumia kama kifuniko. Mtoto anapomsamehe aliyemuua mzazi wake, sifa ni yake. Haiwi kibali kwa waliompeleka mzazi huyo mahali pale kutojiuliza kama walifikiri vya kutosha.

Hali ya Mindanao imebadilika. Mkataba wa amani kati ya serikali na kundi la MILF mwaka wa 2014 ulizaa eneo lenye mamlaka ya ndani la Bangsamoro mnamo 2019, na Abu Sayyaf wamedhoofika sana kuliko walivyokuwa mwaka wa 2001. Hata hivyo, vita vya Marawi mwaka wa 2017, ambapo kasisi na waumini walishikwa mateka kwa miezi kadhaa, vilionyesha jinsi utulivu unavyoweza kuvunjika kwa siku moja.

Kwa hivyo, mafunzo ya Dos Palmas hayajapitwa na wakati. La kwanza ni kwamba shirika linaloipeleka familia nzima linapaswa kuihesabu familia nzima: nani atawalea watoto, nani atawaambia ukweli, na ni lini nyumba itahamishwa hata kama wazazi wako tayari kubaki. Utayari wa mzazi kufa si jibu kwa maswali hayo.

La pili ni kwamba mwenyeji anayefanya kazi bega kwa bega na mgeni anastahili ulinzi na maombolezo yale yale. Penye mpango wa kumwokoa rubani, sharti pawe na mpango wa kumwokoa muuguzi.

La tatu, na huenda ndilo kubwa zaidi, ni lile lililoanzia Dumaguete mwaka wa 1901. Kazi iliyodumu kwa zaidi ya karne ni ile ambayo wenyeji waliipokea na kuiendesha wao wenyewe. Mgeni aliyefaulu ni yule ambaye siku akiondoka, kwa hiari au kwa nguvu, shule hubaki wazi na mgonjwa hupata wa kumhudumia.

Ediborah Yap alikuwa mhudumu wa aina hiyo, Mfilipino aliyekuwa akiwatibu Wafilipino wenzake katika mji mdogo wa Basilan. Hakutoka ng'ambo wala hakutumwa na shirika lolote. Watoto wake wanne walimsubiri mama yao kwa muda ule ule ambao wale watatu wa Kansas waliwasubiri wazazi wao, na wao hawakurudishiwa hata mmoja aliyejeruhiwa.